Chuo Kimfaacho Mtoto, na Fedha za Kumsomesha

Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Chama, Bagamoyo, Tukuyu



 Bwana Katibu alinitaka niseme juu ya jambo moja: jinsi ya kumtafutia kijana chuo kitakachomfaa, na jinsi ya kupata fedha za kumsomesha humo. Sitasema maneno ya kupamba. Nitasema yale ambayo mzazi aweza kwenda nayo nyumbani usiku huu, akayafanyia kazi kesho.

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Kidato cha Sita yanapotoka, kwa kawaida mwezi wa Julai, nyumba nyingi za hapa Bagamoyo, za Bulyaga, za Makandana, hata za Masoko na Kiwira, hupata furaha ya siku moja. Siku ya pili furaha hugeuka mashaka. Baba auliza, "Aende chuo gani?" Mama auliza, "Na fedha zitatoka wapi?" Mara nyingi maswali hayo hujibiwa na watu mbalimbali, kwa siku mbalimbali. Mtoto hujichagulia chuo kwa kuwa rafiki zake wanakwenda huko. Kisha baba huuza ng'ombe, au hukodisha shamba la chai, au huuza parachichi zikali changa mtini, ili apate ada ya chuo ambacho hakukichagua wala hakukichunguza. Mabwana, maswali hayo si mawili, ni moja. Chuo kisicholipika hakimfai mtoto, hata kikiwa na sifa duniani kote. Na fedha zilizopatikana kwa ajili ya chuo kisichomfaa ni kama fedha zilizotupwa katika mto Kiwira.

Jambo hili si geni kwetu sisi watumishi. Wazee waliotutangulia walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika, huko Tanga mwaka 1922, wakiongozwa na Martin Kayamba, walikuwa makarani na walimu waliofahamu kwamba kalamu waliyoishika ilitokana na elimu. Mwaka huo huo wa 1922 ndipo Makerere ilipoanza huko Uganda, nayo ilikuwa skuli ya ufundi tu. Kwa miaka mingi Mtanganyika mwenye kiu ya elimu ya juu hakuwa na njia nyingi za kuchagua. Huku kwetu kulikuwa na skuli za misioni ya Moravian na ya Berlin, zilizofika mwaka 1891. Serikali ikafungua skuli ya Malangali mwaka 1928. Na mwenye bahati kubwa alifika Tabora, kisha Makerere. Nchi yetu haikuwa na chuo kikuu mpaka Oktoba 1961, kilipofunguliwa chuo cha Dar es Salaam katika jumba la TANU, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika ishirini.

Leo mambo yamegeuka. Bila kutoka katika mkoa wetu wa Mbeya, kijana aweza kusoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, au udaktari katika chuo cha afya kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au masomo ya utawala katika tawi la Chuo Kikuu cha Mzumbe, au kwenda katika Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji cha Kanisa la Moravian. Shida ya babu zetu ilikuwa uchache wa milango. Shida yetu ni wingi wa milango, na kila mlango una ufunguo wake.

Kabla sijasema juu ya funguo hizo, nataka kuwakumbusha safari mbili za watu wanaojulikana, kwa kuwa zina mafunzo kwetu.

Ya kwanza ni ya Mwalimu Julius Nyerere. Aliingia Makerere mwaka 1943 kwa msaada wa masomo, akasomea ualimu, kisha akafundisha katika skuli ya St. Mary's Tabora. Padre Richard Walsh, mkuu wa skuli hiyo, alimtia moyo aendelee na masomo Uingereza, naye akafanya mtihani wa kuingilia chuo kikuu wa London, akafaulu Januari 1948. Akaomba fedha za Serikali, akanyimwa. Akaomba mara ya pili, akapewa, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh. Alipata shahada yake mwaka 1952. Angaliaeni mambo mawili hapa. Moja, barua ya kwanza ya kukataliwa haikumvunja. Pili, hata alipopata nafasi alisitasita, kwa sababu mshahara wake wa ualimu ndio uliomsaidia mama yake na ndugu zake. Hivyo gharama ya masomo si ada peke yake. Ni pamoja na kile ambacho nyumbani kitakosekana wakati kijana yuko darasani. Mzazi asiyekihesabu hicho, hesabu yake haijatimia.

Safari ya pili ni ya vijana wa Kenya. Mwaka 1959 Tom Mboya alipeleka Marekani vijana 81 kwa ndege moja ya kukodi. Wengi wao walikwisha pata nafasi na misaada katika vyuo vya huko, lakini nauli hawakuwa nayo. Yaani mtu alikuwa na barua ya chuo mkononi, na ada imesamehewa, akashindwa kwa sababu ya bahari iliyo katikati. Mwaka uliofuata, 1960, mfuko wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000 ili kundi la pili lisafiri, na mpango huo ukachukua hata vijana wa Tanganyika na wa nchi nyingine. Katika kundi la 1960 alikuwamo binti mmoja wa Nyeri aitwaye Wangari Muta, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Wangari Maathai. Hakupelekwa katika chuo cha jina kubwa. Alikwenda Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha masista wa Kibenedikto katika mji mdogo wa Atchison, Kansas. Yeye alikuwa ametoka katika skuli ya masista ya Loreto, Limuru. Basi desturi za chuo hicho hazikumtisha. Akasoma elimu ya viumbe, akapata shahada mwaka 1964, akaendelea Pittsburgh, kisha mwaka 1971 akapata udaktari wa falsafa Nairobi, na mwaka 2004 akapewa Nishani ya Nobel ya Amani. Chuo kidogo kilichomfaa kilimfikisha mbali kuliko wengi waliokimbilia majina.

Sasa nitaeleza, chuo kimfaacho mtoto ni kipi?

Kwanza, ni chuo kinachotambuliwa. Vyuo vikuu vyatazamwa na Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, na vyuo vya kati na vya ufundi vyatazamwa na Baraza la NACTVET. Chuo kikiwa na jumba zuri na matangazo mengi, lakini jina lake au jina la kozi yake halimo katika daftari za mamlaka hizo, msipeleke mtoto wala fedha. Na kwa kazi zenye bodi zake, kama udaktari, uhandisi na uhasibu, ulizeni pia kama bodi ya kazi hiyo inaikubali shahada ya chuo hicho.

Pili, ni chuo ambacho alama za mtoto zinatosha, tena zinazidi. TCU hutoa kitabu cha mwongozo kila mwaka. Humo kila kozi imeandikwa na masomo yake na alama zake. Kiasi cha chini cha jumla kwa kijana wa Kidato cha Sita ni ufaulu wa masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Lakini kiasi cha chini ni kizingiti tu, si kiti. Kozi zinazotakwa na wengi huwachukua wenye alama za juu sana. Shauri langu ni hili: kijana asiombe mahali pamoja wala pa aina moja. Achague pale anapotamani ijapokuwa ni pagumu. Achague pale ambapo alama zake ni za katikati. Na achague pale ambapo yeye atakuwa miongoni mwa wa mbele. Pale pa mwisho msipadharau. Mwanafunzi wa mbele huonekana na walimu, na chuo chenye fedha ya kusaidia humtazama kwanza yule kinayemtaka sana.

Tatu, ni chuo chenye kozi ambayo mtoto mwenyewe anaiweza na kuipenda. Wazazi wengine hutaka kila mtoto awe daktari, hata yule ambaye fizikia na kemia zimemshinda tangu Kidato cha Tatu. Huyo akilazimishwa atarudi nyumbani mwaka wa kwanza, na deni likiwa limekwisha kuandikwa kwa jina lake. Tena chuo cha kati si aibu. Kijana aliyepata stashahada nzuri yenye wastani wa 3.0 au zaidi aweza kuomba shahada baadaye, akiwa amekwisha pata kazi mkononi.

Nne, ni chuo ambacho gharama yake yote, si ada tu, yaweza kubebwa. Hapa naomba Mabwana tufanye hesabu, maana hesabu ndiyo kazi yetu. Hizi ni tarakimu za mfano tu. Tuseme chuo cha mbali kina ada ya shilingi 1,300,000 kwa mwaka, na chuo cha Mbeya kina ada ya shilingi 1,500,000. Baba atasema mara moja, "Cha mbali ni rahisi." Lakini chakula na chumba huko mbali ni shilingi 250,000 kwa mwezi, kwa miezi 9 ni 2,250,000, na nauli ya safari nne, kila moja 60,000, ni 240,000. Jumla ni 3,790,000. Huku Mbeya chakula na chumba ni 180,000 kwa mwezi, kwa miezi 9 ni 1,620,000. Nauli za safari nne, kila moja 5,000, ni 20,000. Jumla ni 3,140,000. Kile kilichoonekana ghali kimekuwa nafuu kwa shilingi 650,000, na tena gunia la ndizi na la viazi laweza kumfikia mtoto kwa basi la asubuhi. Lakini je, kile cha mbali kikimsamehe mtoto shilingi 1,000,000? Gharama yake yarudi 2,790,000, nacho ndicho kinakuwa nafuu, kwa shilingi 350,000. Basi bei iliyoandikwa katika tangazo si bei utakayolipa. Bei ya kweli ni gharama zote, toa msaada wote. Asiyefanya toa na jumlisha hizi kwa kila chuo hajui lililo ghali wala lililo rahisi.

Sasa nafika kwenye fedha zenyewe. Kuna fedha za namna mbili, na watu huzichanganya. Kuna fedha za kurudisha na kuna fedha zisizorudishwa.

Fedha za kurudisha ni mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Mkopo wake waweza kuwa wa ada, chakula na malazi, vitabu, mafunzo ya kazini na mahitaji maalumu ya kozi. Lakini si lazima mtu apewe vyote, wala kwa ukamilifu. Bodi hutazama uhitaji, na yatima, wenye ulemavu, na watoto wa kaya masikini zinazosaidiwa na TASAF hutangulizwa. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 hata baadhi ya kozi za stashahada zimeingizwa. Walakini mkopo ni deni. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Mwenye mshahara wa shilingi 600,000 hukatwa 90,000 kila mwezi. Kwa bahati njema, mwaka 2021 Serikali iliondoa ile nyongeza ya asilimia 6 kwa mwaka iliyowalemea wengi wetu. Nasema haya si kwa kuwatisha vijana. Kukopa kwa ajili ya kozi nzuri ni jambo la akili. Bali kijana ajue anachotia saini, na mzazi asimwambie kwamba ni fedha za bure za Serikali.

Fedha zisizorudishwa ni ufadhili. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 upo ule uitwao Samia Skolashipu, wa vijana waliofaulu sana masomo ya sayansi katika Kidato cha Sita na kwenda kusomea sayansi, uhandisi, hesabu au tiba. Upo pia ufadhili wa vyuo vyenyewe, na wa makanisa, misikiti na mashirika. Ufadhili kama huu hauna mlango mmoja. Hutafutwa kwa kuuliza, kuandika na kungoja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kwa vijana wanaotazama ng'ambo, neno langu ni hili. Huko Marekani vipo vyuo vichache, kama Harvard, Yale, Princeton na Amherst, ambavyo humpima mwombaji bila kutazama kama ana fedha au hana, hata akiwa mgeni, na akikubaliwa humpa msaada kwa kadiri ya uhitaji wake. Kipo chuo cha Berea, katika Kentucky, ambacho tangu mwaka 1892 hakimtozi mwanafunzi ada. Kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni. Lakini milango hii ni myembamba mno, na waombaji ni wa dunia nzima. Basi kijana aombe huko, na huku nyumbani aombe pia. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Na kila barua ya ng'ambo isomwe kwa macho ya karani. Barua ya kupokelewa si barua ya fedha. Tafuteni ndani yake majibu ya maswali haya: Msaada ni wa ada tu, au na chakula? Nauli ni ya nani? Bima ya matibabu je? Msaada ni wa mwaka mmoja, au mpaka mwisho wa kozi? Alama zikishuka, utakatwa? Kumbukeni wale vijana wa 1959 waliokuwa na kila kitu isipokuwa nauli. Tena kijana apate mapema hati ya TCU ya kutokuwa na pingamizi, ili shahada atakayorudi nayo isije ikakataliwa nyumbani.

Nawaonyeni pia juu ya mawakala. Ada halali ya kuomba ipo. Bodi ya Mikopo, kwa mfano, hutoza shilingi 30,000 za maombi. Lakini fedha halali hulipwa kwa namba ya malipo iliyotolewa na ofisi yenyewe, si kwa simu ya mtu. Akija mtu amevaa tai akasema, "Mtoto wako amekwisha pata ufadhili, ila toa laki tano za kushika nafasi," mpeni kiti, mpeni maji ya kunywa, lakini msimpe fedha. Mfadhili wa kweli hatoi kwa mkono mmoja na kupokea kwa mwingine.

Bwana Rais, nisiwasahau wanachama wenyewe. Wako hapa makarani wenye umri wa miaka thelathini na arobaini wanaodhani kwamba mlango wao umefungwa. Haukufungwa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, kiliwekwa hasa kwa mtu asiyeweza kuacha kazi. Chuo cha Utumishi wa Umma kina tawi lake Mbeya. Kwa shahada ya pili, Uingereza hutoa ufadhili wa Chevening, ulioanza mwaka 1983, ambao hudai mtu awe amefanya kazi kwa kadiri ya miaka miwili, na akimaliza arudi kwao kwa miaka miwili. Na ufadhili wa Jumuiya ya Madola umekuwako tangu 1960. Miaka yetu ya kazi, tunayoidhania kuwa hasara, huko ndiyo sifa. Ila mtumishi aanze na mwajiri: jina liingie katika mpango wa mafunzo, na ruhusa ipatikane kwa maandishi kabla ya kuondoka.

Sasa nasema neno lililo zito kuliko yote, nalo lawahusu wanachama hasa.

Mabwana, ni nani hutia saini katika fomu ya mkopo ya mtoto wa mkulima? Fomu ile hupita kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, hupita kwa mtendaji, hupita kwa mwapishaji. Cheti cha kuzaliwa, na cheti cha kifo cha mzazi aliyefariki, sharti vihakikiwe na RITA. Katika kila hatua pana meza, na nyuma ya kila meza pana mmoja wetu, au ndugu yake mmoja wetu. Yatima wa Suma au wa Ikuti ashuka mlima asubuhi, afika ofisini saa nne, aambiwa, "Mwenye muhuri katoka, njoo kesho." Kesho aambiwa vivyo hivyo. Siku ya tatu hana nauli. Siku ya mwisho ya maombi yapita. Hakuna mtu aliyemkataa; hakuna barua ya kumnyima. Muhuri tu ulilala katika saraka. Na yule mtoto atasema maisha yake yote kwamba alikosa mkopo kwa bahati mbaya, kumbe haikuwa bahati.

Twalalamika kwamba watoto wa Rungwe hawapati nafasi. Lalamiko hilo ni haki yetu kulitoa pale tu mikono yetu inapokuwa safi. Kwa hiyo naomba mkutano huu ukubali mambo matatu.

La kwanza: kila mwanachama aahidi kwamba fomu ya mwanafunzi haitalala mezani pake usiku mmoja, wala hatapokea kitu kwa ajili ya saini, hata soda. Akiwa safarini, amwachie mwingine mwenye mamlaka.

La pili: Chama kichague watu watatu wanaojua intaneti na kitabu cha TCU, wakae katika jumba hili kila Jumamosi toka Juni hata Septemba, wawasaidie watoto kuchagua, kujaza na kuhesabu. Waangalie hata mambo madogo, kama anwani. Bagamoyo hii ni ya Rungwe, mkoa wa Mbeya. Kijana akikosea mahali pa kuchagua wilaya, atahesabiwa mtu wa Bagamoyo ya Pwani, na kuhakiki kwake kutakwama. Na waanze Juni, kabla ya matokeo, maana vyeti vya RITA havipatikani kwa mbio za siku moja.

La tatu: uwekwe mfuko mdogo. Wanachama 40 wakitoa shilingi 2,000 kila mmoja kwa mwezi, kwa mwaka ni shilingi 960,000. Ada ya maombi ya mkopo kwa yatima 20 ni 600,000. Zinazobaki, 360,000, zatosha kwa uhakiki wa vyeti, picha na nauli za kushuka Tukuyu. Shilingi 2,000 ni kikombe cha chai na maandazi. Hatutamsomesha mtoto hata mmoja kwa mfuko huo; tutafungua tu mlango ambao fedha za kumsomesha zitapitia.

Mtasema, "Je, watoto wetu wenyewe?" Watoto wetu wamo humo humo. Mtoto wa karani hukaa nyumba moja na mtu ajuaye fomu. Yeye amekwisha tangulia hatua kumi. Tukimvuta na mwenzake wa kijijini, wote wawili watafika, na kesho wilaya hii itakuwa na daktari, mhandisi na mwalimu waliotoka katika nyumba ambazo leo hazina taa.

Bwana Rais, nayaweka mambo hayo matatu mbele ya mkutano, yajadiliwe na kupigiwa kura leo, kwa maana mwezi wa Juni hauko mbali.